Gari moshi haliendi kwa moshi: injini ya mvuke kwa anayetaka kuunda ya kwanza

Kuna klipu inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na huenda imeshakufikia. Kopo la maji limewekwa juu ya jiko la mkaa, bomba jembamba limetokeza juu yake, gurudumu dogo linazunguka kwa kasi na pembeni taa inawaka. Maandishi ya chini yanasema hiyo ni injini inayotumia maji matupu, kwamba wakubwa hawataki uijue, na kwamba uisambaze haraka.

Jioni moja mtoto wa jirani yangu, yuko kidato cha pili, alinijia kibarazani akiwa na kopo tupu la dawa ya mbu mkononi.

"Shikamoo anko."

"Marahaba. Vipi, umeleta takataka?"

"Hapana anko. Nataka unitobolee hapa juu nichomeke bomba. Natengeneza treni ya mvuke."

Nililichukua lile kopo nikaliweka mbali, nikamvutia kigoda. Tulikaa mpaka adhana ya Isha. Alichokitaka ni kitu kizuri sana. Sijui njia nyingine inayomfundisha kijana habari za joto, nguvu na ufundi wa chuma kwa mpigo mmoja kama kuunda injini ndogo ya mvuke kwa mikono yake. Tatizo ni kwamba alikuwa anaanzia kwenye sehemu inayoua na kuiacha ile inayofundisha. Wengi wanaoanza hufanya hivyo hivyo, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba sehemu hizo ni mbili.

Moshi, mvuke, na lile wingu la birika

Tuanze na maneno, maana hapa lugha yenyewe imetutegea mtego. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Watu wakaona dude la chuma linakuja likitoa moshi, wakaliita gari la moshi, na jina likaganda. Hata leo, treni ya umeme iliyoanza safari za Morogoro na Dodoma mwaka 2024 ikipita, utamsikia mzee akisema gari moshi limepita, ingawa haina moshi wala mvuke.

Moshi haujawahi kusukuma gurudumu hata moja. Moshi ni mabaki ya kuni, makaa au mafuta yaliyokwisha kuungua, na kazi yake imebaki kutafuta njia ya kutoka. Anayesukuma ni mvuke, na yeye amefungiwa ndani ya chuma ambako hakuna amwonaye.

Hata ukiwa nje, mvuke hauonekani. Chemsha maji kwenye birika, kisha tazama mdomo wake kwa makini, ukiwa umesimama mbali kidogo. Pale mdomoni kabisa, kiasi cha upana wa kidole, utaona kama hakuna kitu. Wingu jeupe linaanzia mbele ya hapo. Lile wingu ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa. Mvuke wenyewe ni ile nafasi inayoonekana tupu, nayo ndiyo inayobabua mkono vibaya kuliko yote.

Mvuke basi ni maji yaliyopashwa joto mpaka yakawa gesi. Yakigeuka hivyo katika hali ya kawaida, yanataka nafasi kubwa mara 1,600 hivi kuliko mwanzo. Chukua kikombe cha chai cha robo lita. Kikigeuka chote kuwa mvuke kitahitaji lita 400, yaani madumu 20 ya lita 20. Sasa fikiria madumu 20 yanayolazimishwa kubaki ndani ya kikombe. Ule ugomvi wa kutaka nafasi ndiyo presha.

Chombo kinachochemsha maji na kuufungia mvuke ndani kinaitwa boila. Mashine inayoupokea mvuke na kuufanya uzungushe kitu inaitwa injini. Kwenye klipu kopo na gurudumu vinaonekana kama kitu kimoja, na kwenye gari moshi vilibebana juu ya fremu moja, lakini ni vitu viwili tofauti kabisa. Boila haijui kama kuna injini, na injini haijui kama kuna boila. Injini inajua jambo moja tu: kuna kitu kinasukuma. Kikiwa mvuke, sawa. Kikiwa upepo wa pampu, sawa vilevile. Naomba jambo hili ulishike, maana ushauri wote ninaotoa huko mbele unasimama juu yake.

Ndani ya injini kuna bomba fupi, silinda, na ndani ya silinda kuna kizibo kinachoteleza, pistoni. Ukitaka kuielewa bila kuiona, shika pampu ya baiskeli. Ukisukuma mpini, upepo unatoka. Geuza mambo: puliza upepo kwa nguvu kwenye mdomo wa pampu, na mpini utatoka wenyewe. Injini ya mvuke ni pampu inayofanya kazi kinyumenyume.

Mwendo wa pistoni ni wa kwenda na kurudi, na sisi tunataka kitu kizunguke. Kazi hiyo inafanywa na mkono mdogo uliofungwa kwenye ekseli, na kila aliyepanda baiskeli anaujua, maana ni kanyagio. Goti lako linapanda na kushuka, gurudumu linazunguka. Unajua pia kwamba kanyagio likisimama wima kabisa, juu au chini, unaweza kukanyaga mpaka uchoke na baiskeli isisogee. Injini nayo ina sehemu hizo mbili mfu katika kila mzunguko. Inazivuka kwa msaada wa gurudumu zito, ambalo mafundi wa magari huliita flaiwili. Likishashika kasi halikubali kusimama ghafla, kwa hiyo linaivusha pistoni pale ambapo yenyewe haina nguvu.

Maji hayaungui

Sasa ile klipu. Maji si mafuta ya kuendeshea injini, na hayawezi kuwa. Kitu kinachoungua huungana na oksijeni na kutoa joto. Haidrojeni ikiungua, kinachobaki ni maji. Kwa maneno mengine, maji ni majivu, na hakuna anayepika kwa majivu.

Ndani ya injini ya mvuke, maji ni mchukuzi. Jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wachukuzi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobeba mizigo ya jeshi mgongoni. Mchukuzi hatoi mzigo mwilini mwake, anautoa mahali na kuufikisha pengine. Maji yanabeba joto kutoka motoni na kulifikisha kwenye pistoni. Maji yanafaa kuifanya kazi hiyo kwa sababu yanabeba mzigo mkubwa ajabu: kugeuza maji yanayochemka kuwa mvuke kunataka joto zaidi ya mara sita ya lile lililoyatoa kwenye ubaridi wa kawaida hadi kuchemka. Ndiyo maana sufuria huchemka mapema lakini huchukua muda mrefu kukauka.

Kwenye klipu, basi, mlipaji ni mkaa ulio chini ya kopo, na hakuna aliyeuandika kwenye maelezo. Moto wowote unafaa. Yale magari moshi makubwa ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki yaliyokuwa yakipandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, kila moja lenye uzito wa tani 252, hayakuchoma makaa bali mafuta mazito. Moja lake, namba 5918, limehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na jina lake ni Mount Gelai, mlima wa kwetu upande wa Arusha.

Umeme wa bure nao haupo. Injini ndogo ya mezani, ile unayoweza kuishika kwa kiganja, kwa kawaida haifikishi hata wati moja. Simu ya kawaida inapochajiwa inataka wati 5 au zaidi. Joto jingi la moto linapotelea hewani, sehemu nyingine inatoka na mvuke uliokwisha tumika, na kinachofika kwenye gurudumu ni kidogo mno. Unaweza kuwasha kitaa kimoja kidogo na kufurahi sana, nami nakuomba ufurahi. Usimwambie tu mama yako kwamba LUKU imekwisha kazi.

Kuna wengine husema mvuke ni habari ya kale isiyofaa kujifunzwa. Nenda Kinyerezi. Kituo cha pili cha umeme cha pale, chenye uwezo wa megawati 240, kinachoma gesi asilia ili kuzungusha mitambo ya kwanza, kisha joto linalotoka humo linachemsha maji, na mvuke wake unazungusha mitambo mingine inayozalisha umeme zaidi. Taa inayokumulikia usiku huu hapa Dar huenda ina mchango wa mvuke ndani yake. Pistoni ndiyo iliyostaafu. Mvuke bado uko kazini.

Injini inayoyumba

Anayeanza karibu kila mara hutaka treni. Namwelewa. Lakini treni inataka boila, injini mbili, magurudumu, breki na reli, na kosa moja dogo linafichwa na mengine kumi. Injini ya kwanza inayofaa ni ile ambayo mafundi wa vitu hivi duniani kote wamekuwa wakiwapa wanafunzi wao kwa miaka mingi: yenye silinda moja inayoyumba.

Uzuri wake uko hapa. Katika injini yoyote lazima kuwe na mlango wa kuingizia mvuke na mlango wa kuutolea, na milango ifunguke kwa zamu. Injini kubwa zina valvu na vyuma vingi vya kuziendesha. Injini inayoyumba haina hata kimoja kati ya hivyo. Silinda yenyewe imeshikizwa kwenye bamba kwa pini moja, kama bembea. Gurudumu likizunguka, linaivuta silinda upande huu, kisha upande ule. Ubavuni mwa silinda kuna tundu moja. Kwenye bamba kuna matundu mawili, moja la kuingilia na moja la kutokea. Silinda ikiinama upande mmoja tundu lake linakutana na la kuingilia, na pistoni inasukumwa. Ikiinama upande wa pili linakutana na la kutokea, na kilichotumika kinatoka. Katikati, zile sehemu mfu, tundu linatazama bamba tupu na milango yote imefungwa. Kuyumba kwenyewe ndiyo valvu.

Nilimchorea yule kijana vipimo kwenye daftari lake la hesabu, lile la viboksi, kwa ukubwa halisi. Kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye pini ya bembea, milimita 40. Urefu wa mkono wa ekseli, milimita 8, kwa hiyo pistoni itasafiri milimita 16, mara mbili ya mkono. Tundu la silinda liko upande wa pili wa pini, umbali wa milimita 10. Nikamuuliza: mkono ukivuta silinda milimita 8 pembeni huku chini, tundu kule juu litasogea kiasi gani?

Alinyamaza, akaweka rula, kisha akasema: "Kumi ni robo ya arobaini. Basi robo ya nane. Mbili."

Ni pembetatu zinazofanana, zilezile anazofundishwa darasani. Kwa hiyo matundu mawili ya bamba yanakaa milimita 2 kushoto na milimita 2 kulia ya mstari wa katikati, yote yakiwa milimita 10 kutoka kwenye pini. Na ukubwa wa kila tundu usizidi milimita 2, la sivyo silinda ikiwa katikati itagusa milango yote miwili kwa pamoja na upepo utapita moja kwa moja bila kufanya kazi. Tukachagua milimita 1.5. Ukikosea hesabu hii, hakuna kiasi cha mvuke kitakachokuokoa. Ukiipata, umeshaunda nusu ya injini kwenye karatasi.

Wengi huamini kwamba bila mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga, huwezi kuanza. Kwa injini hii unaweza. Unahitaji msumeno wa chuma, tupa, msasa, drili na subira. Vipande vya bomba na vya fimbo ya shaba ya njano, ambayo mafundi huiita brasi, hupatikana kwa mafundi bomba na kwa wauza vyuma wa mtaa wa Gerezani hapa Dar. Ukienda, nenda na fimbo moja mkononi na ujaribishe kwenye kila bomba. Ile inayofaa utaijua hivi: isimamishe wima ndani ya bomba na fimbo inashuka yenyewe kwa uzito wake. Sasa ziba mdomo wa chini kwa kidole gumba. Fimbo inashuka taratibu, kama inayoshushwa kwa kamba. Ukiondoa kidole, inaanguka. Bomba na fimbo za namna hiyo zimeshakuwa silinda na pistoni kabla hujazigusa kwa tupa. Pistoni ya milimita 10 ina uso wa karibu nane ya kumi ya sentimita ya mraba. Ukiipa upepo wa kiasi kilichomo kwenye tairi la gari dogo, ile 30 ya fundi pancha ambayo ni kama bar 2, inasukumwa kwa nguvu ya kilo moja na nusu na kidogo. Ndogo, lakini inarudi mara mia kadhaa kwa dakika.

Wenye mashine ya kukereza, au wanaosoma ufundi mahali ilipo, wana njia nyingine. Huko Uingereza kuna injini maarufu ya kusimama wima, Stuart 10V, inayouzwa ikiwa vipande vya chuma cha kumimina ambavyo mnunuzi anavikereza mwenyewe. Silinda yake ina kipenyo cha robo tatu ya inchi na mwendo wa robo tatu ya inchi, na ina valvu ya kuteleza kama injini kubwa. Ni mradi wa pili mzuri sana.

Ikigoma

Injini yangu ya kwanza ilikaa mezani wiki tatu bila kuzunguka. Nilibadilisha pistoni, nikatafuta upepo wenye nguvu zaidi, nikapanua matundu. Kosa lilikuwa springi. Silinda inashikiliwa dhidi ya bamba kwa springi ndogo kwenye ile pini, na mimi niliikaza nikidhani kukaza ni ubora. Silinda ikawa imebanwa kama mlango uliovimba masika. Nilipoilegeza nusu mzunguko wa nati, ikaanza.

Dhana kwamba kila kitu kibane ndiyo inayowasumbua wanaoanza kuliko zote. Injini ndogo haina nguvu ya kupoteza kwenye msuguano. Upepo kidogo ukivuja pembeni mwa pistoni, itazunguka. Pistoni ikikwaruza, haizunguki. Kabla ya kutia upepo, zungusha gurudumu kwa kidole kisha uliachie. Lizunguke mara kadhaa lenyewe na kusimama taratibu. Likisimama ghafla, kuna mahali panabana, na ni kazi yako kupatafuta: labda kipini cha mkono hakikusimama sambamba na ekseli, labda tundu la pini ya bembea lilitobolewa kwa kuinama.

Kitu cha pili ni nyuso mbili zinazogusana, ubavu wa silinda na bamba. Lazima ziwe bapa kabisa. Laza msasa laini juu ya kioo cha dirisha, paka uso wa shaba wino wa maka pen, kisha usugue kwa duara bila kukandamiza. Tazama. Pale wino ulipofutika ni mlima, ulipobaki ni bonde. Endelea mpaka wino wote utoke kwa wakati mmoja. Kazi hii inachosha mkono na haina njia ya mkato. Halafu tone la mafuta ya cherehani, na uko tayari kwa upepo.

Ndiyo, upepo. Jaribio la kwanza ni pampu ya baiskeli au kompresa ya fundi pancha iliyopunguzwa sana. Wapo wanaosema huko ni kudanganya, kwamba injini ya mvuke isiyo na mvuke si injini. Nimeshasema injini haijui kinachoisukuma. Upepo unakupa nafasi ya kusikiliza inapovuja, kulegeza na kukaza, bila moto na bila kuungua. Siku utakapotia mvuke utaona tofauti: mvuke ukigusa silinda baridi unarudi kuwa maji, injini inatema matone na kusitasita mpaka ipate joto, na mafuta mepesi yanaoshwa upesi, kwa hiyo utahitaji mazito zaidi. Hapo tena injini inayoyumba ina huruma: maji yakijaa, silinda inasukuma springi na kujiinua kidogo kwenye bamba, yanatoka. Unaona sasa kwa nini springi isikazwe.

Lile kopo

Sasa boila, na hapa nabadilisha sauti.

Chukua boila ndogo, bomba lenye kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 10, ukubwa wa kopo la maziwa. Itie bar 2 tu. Nguvu inayotaka kulipasua bomba hilo kwa urefu ni kilo 100, gunia zima la mahindi. Kila mfuniko wa pembeni unasukumwa kwa karibu kilo 39. Kopo la dawa ya mbu ni bati jembamba lililokunjwa, wala halikutengenezwa kukaa motoni. Kopo lenyewe limeandikwa usilitoboe, usilichome. Kulitoboa na kulichoma ndivyo vitu viwili hasa alivyotaka kuvifanya yule kijana.

Na hatari si presha pekee. Kwa bar 2 maji hayachemki kwa nyuzi 100, yanafika nyuzi 133. Kila mama anayepikia maharage kwenye sufuria ya presha analitumia jambo hilo, maana maji yenye joto zaidi yanaivisha upesi. Lakini chombo kikipasuka, maji hayo hayawezi kubaki maji kwa joto lile. Sehemu yake inageuka mvuke papo hapo, na unakumbuka yale madumu 20. Tairi la upepo likipasuka linapiga kelele. Boila ikipasuka, maji yaliyomo yanaendelea kusukuma.

Somo hili lililipiwa zamani. Watu husimulia kwamba James Watt aliona mfuniko wa birika ukirukaruka akagundua injini ya mvuke. Ukweli ni kwamba Thomas Newcomen alikuwa na injini ya kuvuta maji migodini Uingereza mwaka 1712, miaka 24 kabla Watt hajazaliwa. Watt aliiboresha sana, na hataza yake kubwa, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, ni ya 1769, lakini presha kubwa aliiogopa. Aliyeithubutu ni Richard Trevithick, ambaye injini yake ilivuta mabehewa juu ya reli huko Wales mwaka 1804. Mwaka mmoja kabla, boila yake moja ililipuka Greenwich, London, ikaua watu, kwa kuwa valvu ya usalama ilikuwa imezuiwa. Baada ya hapo akaweka valvu mbili, na kizibo cha madini ya risasi kinachoyeyuka boila ikikauka.

Valvu ya usalama unaijua pia. Ni kile kizito kinachochezacheza juu ya sufuria ya presha na kupiga mluzi. Presha ikizidi kipimo kinainuka na kuachia. Boila isiyo nayo haiwashwi, hata kwa dakika moja, hata kwa kujaribu tu. Na valvu ikianza kutoa, hukazi wala huwekei jiwe. Unapunguza moto.

Vijana huniuliza kama fundi redio anaweza kuiziba boila kwa risasi yake. Risasi hiyo inayeyuka kwa nyuzi 180 na kitu, na kwa kuwa mvuke ni nyuzi 133 inaonekana kama inatosha. Inatosha maji yanapokuwepo. Maji ndiyo yanayokinga chuma na moto, ndiyo maana sufuria yenye maji haiungui na ikikauka inaungua. Boila ikipungukiwa maji, chuma kinapanda joto kwa dakika chache na maungio yanaachia. Boila za namna hii huundwa kwa shaba nyekundu na kuunganishwa kwa rodi yenye fedha ndani yake, inayoyeyuka kwa zaidi ya nyuzi 600. Mafundi wazuri wa friji wana ujuzi wa kuunga shaba kwa njia inayofanana.

Kisha inapimwa kabla ya kuona moto. Unaijaza maji ya baridi pomoni, hewa yote itoke, unasukuma kwa pampu mpaka mara mbili ya presha utakayoitumia, na unaangalia kama kuna jasho kwenye maungio au uvimbe popote. Maji baridi hayabaniki, kwa hiyo ikipasuka yanatiririka tu mezani. Usipime kamwe kwa upepo. Upepo uliobanwa ni springi, na chombo kikishindwa unarusha vipande. Kwenye viwanda vyetu boila na mitungi ya presha hukaguliwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na sababu za ukaguzi huo haziondoki kwa kuwa chombo chako ni kidogo.

Maji nayo yaangalie. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na ukitaka ushahidi chungulia ukoko mweupe ndani ya birika lako. Ukoko huo ukikaa ndani ya boila unazuia joto kupita na kuziba vitundu vya valvu. Maji ya mvua yaliyochujwa yanafaa zaidi.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba boila ya kwanza usiiunde. Inunue ikiwa imetengenezwa na kupimwa, au iunde ya kwako ukiwa na mtu aliyekwisha kuunda kadhaa amesimama ubavuni. Na usiamini kwamba boila kubwa itaipa injini yako nguvu zaidi. Pistoni haijui ukubwa wa boila, inajua presha inayoifikia. Boila kubwa inakupa muda mrefu wa kuzunguka, pamoja na maji mengi zaidi ya kukuumiza.

Yule kijana alikuja kila Jumamosi kwa wiki sita. Kopo alilitupa mwenyewe. Alivunja biti mbili za drili, akatoboa bamba moja vibaya, akalirudia. Tulipomaliza tukaibeba injini kwenye boksi la viatu mpaka kwa fundi pancha wa Buguruni, tukamwomba upepo kidogo sana. Kijana akasukuma gurudumu kwa kidole. Likaguna, likarudi nyuma, akalisukuma tena, na safari hii likaondoka. Silinda ikawa inayumba kwa kasi mpaka macho hayaioni, na mlio wake ukawa kama wa cherehani.

Fundi akachuchumaa, akatazama pande zote, akauliza: "Hii ndiyo ile ya maji? Inakula lita ngapi?"

"Haili maji, anko," kijana akamjibu. "Sasa hivi inakula upepo wako."